Mwanga Kwanza, Bei Baadaye: Kwa Vijana Wanaoanza Biashara ya Safaya Tabora

Kwa ninyi mnaojifunza udalali wa vito hapa Tabora, ambako mtu akitaja madini wengi hufikiria dhahabu ya Nzega, safaya itawasumbua kwa namna yake. Dhahabu hupimwa usafi ikalipwa kwa gramu, lakini safaya mbili zenye uzito uleule, zilizotoka shimo moja, zinaweza kupishana bei mno kwa sababu ya rangi tu.

Safaya na rubi ni madini ya aina moja, korandamu, na Kiswahili cha zamani kilizikusanya zote katika neno yakuti. Korandamu nyekundu huitwa rubi, na iliyobaki yote, hata isiyo na rangi kabisa, ni safaya. Chembe za chuma zikikutana na za titani jiwe huwa la buluu. Kromi kidogo hulifanya la waridi. Chuma peke yake huleta njano. Bonde la Umba mkoani Tanga linasifika kwa kutoa karibu rangi hizi zote mahali pamoja, na Tunduru, iliyovuma katikati ya miaka ya 1990, nayo hutoa mchanganyiko mkubwa, hivyo mfuko mmoja unaoletwa kwenu unaweza kuwa na rangi saba au nane.

Katika mfuko huo, inayotafutwa zaidi ni padparadsha, yaani waridi na chungwa zilizochanganyika kwa upole, jina lililotoka Sri Lanka na lenye asili ya ua la yungiyungi. Waridi iliyokolea na zambarau safi hufuata. Njano hupendwa ikiwa angavu, na kwa kuwa mnaishi katika nchi ya asali, tumieni macho mliyo nayo: njano inayofanana na asali nyepesi, safi, huuzika vizuri kuliko ile yenye ukahawia wa asali iliyokaa sana. Kijani kwa kawaida huwa chini, hasa kikiwa na giza. Msikariri mpangilio huu kama sala, kwa sababu kijani kilichokolea na kung'aa kitaishinda waridi iliyofifia.

Hapa ndipo nilipoumia mimi mwenyewe. Nilinunua mawe ya waridi saa kumi na mbili jioni, muuzaji akiwa ameketi akielekea magharibi, nami nikayaona yana uchungwa wa kupendeza na kuyalipa kama padparadsha. Asubuhi iliyofuata yalikuwa ya waridi tu, na ya kawaida. Jua linapozama huongeza wekundu katika kila kitu, kama vile kivuli cha miembe yetu kinavyotia ukijani na ukuta wa matofali ya kuchoma unavyorudisha rangi yake juu ya jiwe. Kaeni mahali pa wazi asubuhi, jua likiwa mgongoni, mkaliweke jiwe juu ya karatasi nyeupe isiyo na mistari. Kisha mliangalie chini ya balbu ya zamani yenye mwanga wa njano, kwani safaya nyingine huwa buluu mchana na zambarau usiku. Mabadiliko hayo yakiwa kamili, bei hupanda, na asiyewasha balbu atauza bila kujua alichouza.

Ligeuzeni jiwe pande zote. Mara nyingi rangi imekaa kwenye utepe mmoja au pembeni, na mkataji hodari huielekeza chini ili ienee usoni. Kumbukeni pia kwamba ukataji mara nyingi hula zaidi ya nusu ya uzito, kwa hiyo gramu moja ya jiwe ghafi, ambayo ni karati 5, haitatoa kito cha karati 5.

Tatizo kubwa kuliko yote ni moto. Kuchoma safaya ili kuboresha rangi ni desturi ya zamani na inakubalika ikitajwa. Lakini kuanzia 2001 na 2002 soko la dunia lilijaa mawe yenye mchanganyiko mzuri wa waridi na chungwa kutoka Chanthaburi nchini Thailand, ikabainika kwamba yalichomwa pamoja na madini mengine yaitwayo krisoberili, na elementi ya berili (beryllium) iliyomo ikapenya ndani na kuzalisha rangi hiyo. Mawe hayo thamani yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya asili, na lenzi ya mfukoni mara nyingi haitoshi kuyatambua; maabara yenye vifaa vya kupima kemia ndiyo inayothibitisha.

Kwa hiyo mteja akiuliza kama jiwe halijachomwa, nanyi hamna cheti, andikeni kwenye risiti maneno mawili tu: "halijapimwa maabara", kisha jadilianeni bei kwa msingi huo.