Warren hakuanzia kwenye urais

Ndugu yangu hapo uliposema Elizabeth Warren, yule seneta wa Marekani, aliwavaa matajiri kwa sababu tu anautaka urais, mi nakataa kabisa. Huyu mama alikuwa profesa wa sheria za kufilisika pale Harvard, miaka kibao anachunguza kwa nini familia za kawaida zinafilisika, na wazo la chombo cha kuwalinda wananchi dhidi ya ujanja wa mabenki alilitoa 2007 kabla hajagombea cheo chochote, Bunge la Marekani likaja kulipitisha 2010 baada ya mabenki kuyumba. Halafu kuelekea 2016 watu walimbembeleza agombee akagoma, sasa mwenye uchu wa Ikulu angeiacha nafasi ile? Alipoingia kweli mbio za 2020 kutafuta tiketi ya chama cha Democratic akaja na kodi ya utajiri, asilimia 2 kwa mwaka kwa mali inayozidi dola milioni 50, yani mwenye milioni 49 haguswi, ila wengi wakadhani watakamuliwa wote. Kilichomwangusha naona ni mpango wake wa bima ya afya kwa wote, alichelewa mno kueleza hela itatoka wapi, na kura za mrengo wa kushoto akagawana na mgombea mwenzake Bernie Sanders. Hadi Massachusetts jimboni kwake akawa wa tatu, iliniuma sana ile.