Nataka kwenda Pemba nijue habari za majini, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi kijana wa Mwanza, likizo hii nataka nizunguke Unguja na Pemba, maana toka utotoni nasikia huko ndo kwenye majini yenyewe. Mara ya mwisho nilipokuja Unguja kila niliyemuuliza habari za Popobawa, yule pepo anayesemwa hutokea usiku, alicheka tu au akabadilisha stori, halafu dereva mmoja akaniambia nitoe elfu hamsini anipeleke kwa mganga nikaone jini laivu. Nataka kuona vitu vya kweli. Nianzie wapi na je naruhusiwa kurekodi na simu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo dereva achana nae kabisa. Ngoma ya pepo haipigwi kwa ajili ya mgeni, inapigwa kwa sababu kuna mwele, mtu anaumwa, na ndugu zake wamejichanga hela ya ubani, udi, marashi na chakula cha watu wote watakaokuja. Ukiletewa jini kwa bei ya teksi ujue umeuziwa maigizo.

Kuhusu Popobawa, watu hawakufichi kitu. Mwaka 1995 habari zake zilianzia Pemba zikaja Unguja mpaka Dar, ikasemwa anawaingilia watu usiku, wanaume kwa wanawake, na ukikanusha kwamba yupo ndo anakurudia, basi familia nzima zikawa zinalala nje zimewasha moto. Na hapo hapo Unguja umati ukamuua mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili wakidhani ndo yeye. Sasa unamkuta mtu mzima amekaa barazani, ameyaona hayo yote, unamuuliza kama vile unauliza matokeo ya mpira, atakujibu nini? Usiulize. Kaa nae, kunywa kahawa, rudi kesho yake, akitaka atasema mwenyewe.

Ukibahatika ukakaribishwa kilingeni, pale ngoma ya pepo inapopigwa, angalia vitu vidogo vidogo. Kwenye kibuki kwa mfano, hao ni masheitani ambao asili yao Bukini, yaani Madagaska, utaona sahani nyeupe ina maji, chaki na sarafu ya fedha, na wakishapanda wanataka brandi, na unaweza ukamkuta mama ambaye siku zote hagusi pombe anakunywa kwa sababu wakati ule anayekunywa sio yeye, yeye ni kiti tu, yaani mtu anayekaliwa na pepo. Pengine utaona kombe, aya za Kurani zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa, mgonjwa akapewa anywe. Kaa ulipoambiwa ukae, viatu vua, na kama una mchango mpe aliyekualika, usimtunze mwele hela mkononi.

Kurekodi hapana, hata wengine wakirekodi. Yule kiti kesho anaenda sokoni na watoto wake wako shule, na video ikishatoka na maneno "mchawi wa Pemba" hairudi. Wewe wa Mwanza unajua Usukumani bibi zetu wangapi wamekatwa mapanga kwa macho mekundu tu, na macho yenyewe yameharibiwa na moshi wa jikoni. Kilifi, Kenya, nako wazee wanauliwa kwa jina hilo hilo la uchawi na mara nyingi ukichimba unakuta kuna mtu anataka shamba. Kwa kweli hili linaniumiza sana, ndo maana nakwambia mapema.

Kama hutapata mwenyeji Pemba usilazimishe. Pita mapango ya Amboni pale Tanga, ndani kuna sehemu ya mzimu watu wanaacha sadaka zao, uliza kwanza kabla hujasogea na usiguse kitu. Au vuka mpaka uende Kenya, Kaya Kinondo karibu na Diani, msitu mtakatifu wa Wadigo, na misitu hiyo ya kaya za Wamijikenda iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, pale wageni wanapokelewa rasmi, unafungwa kaniki kiunoni na mwenyeji anakutembeza, na kiingilio kinabaki kijijini kwao.