Usikubali winchi ichomelewe kwenye bampa

Ndugu yangu, umesema fundi wa hapa Bukavu anataka kuchomelea winchi, ile mashine ya kuvuta gari kwa kebo, kwenye bampa ya Prado yako, kabla hujashika barabara ya Shabunda. Mkatalie! Gari ikizama kwenye tope na winchi ikivuta, bampa itang'oka. Ngao ya mbele inayobeba winchi ifungwe kwa bolti kwenye chasisi yenyewe, yaani fremu ya gari. Kama gari ina mifuko ya hewa ya usalama, kazi hiyo mpe fundi anayeijua kweli.

Uzito wa gari na mzigo, zidisha mara moja na nusu: tani 3 zinataka winchi ya tani 4.5. Springi za mbele zitalala kwa uzito wa winchi, ziimarishe.

Ninachokiogopa zaidi ni kebo. Acha mizunguko 5 kwenye ngoma, pale kebo inapojizungusha, na kebo iliyonyooshwa itupie blanketi zito katikati. Niliona moja ikikatika, ikarudi na kupasua kioo cha mbele. Watoto wanaokuja kutazama, wasogeze mbali kwanza.