Umetupiwa kamati ya pati ya mwisho wa mwaka kazini? Haya kaa hapa nikwambie

Kila mwezi wa kumi na moja ukiingia naanza kupata meseji, dada nyie si huwa mnafanya pati nzuri hapo kwenu, hebu tupe ujanja. Mi nipo Mtwara mjini, nafanya utawala kwenye kampuni ya mambo ya korosho, maghala na usafirishaji, na hii kamati ya sherehe imenigandia kwa sababu kila anayeambiwa aingie anakuwa na safari ya kijijini. Naandika hapa niyamalize yote.

Watu wengi wanaumiza kichwa kwenye ukumbi na chakula, wanabishana wiki nzima kuku au mbuzi, afu ishu ya tuzo wanaimaliza kwa dakika kumi jioni kabla ya siku yenyewe, bosi anauliza tumpe nani, mtu mmoja anataja jina, wote wanaitikia, imeisha. Hapo ndo mnapoharibu. Pilau likiwa kavu watu watawacheka siku mbili tatu wasahau, ila mfanyakazi bora akiwa mtu ambaye ukumbi mzima unajua hakustahili, hiyo mtaisikia mpaka mwaka unaofuata na kuna watu watapunguza kasi ya kazi makusudi kabisa.

Ila ngoja kwanza nimalize tarehe maana hiyo inawashinda hasa wageni wanaoletwa na kampuni kutoka Dar. Wao Desemba ni mwezi wa kufunga ofisi. Huku kwetu Desemba ni mwezi wa kazi jamani! Minada ya korosho inaanza Oktoba, mwezi wa kumi na mbili lori bado zinashusha kutoka Tandahimba, Newala, Masasi, bandarini nako makontena yanapakiwa, watu wa ghala wanalala huko huko. Ukiweka pati tarehe 20 Desemba watakaokuja ni wa ofisini, wale waliobeba kampuni mgongoni mwaka mzima wapo kwenye mizani wanapima gunia, afu picha mnazirusha kwenye grupu wao wanaziona wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Halafu msimu ukiwa mzuri mji wote una hela, msimu wa 2024/2025 bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo na mnaokaa huku mnakumbuka ilivyokuwa, kila turubai lina harusi, shule zimefungwa kwahiyo na watoto wanachezwa jando na unyago, MC hapatikani, mpishi anakutajia bei huku anaangalia pembeni.

Sisi tumehamia Januari, baada ya sikukuu ya Mapinduzi tarehe 12. Kasi ya msimu imepungua, kumbi zipo, na wapishi wanaongea vizuri. Shida ya Januari ni mbili. Moja mvua, huku msimu wetu wa mvua ni mmoja tu, unaanza kama Novemba au Desemba unaenda mpaka Aprili, kwahiyo zile ndoto za kufanya ufukweni Shangani au kwenda Msimbati bila turubai ziacheni. Ya pili ni Ramadhani, wengi wetu huku ni Waislamu na mfungo kila mwaka unarudi nyuma kama siku 10 au 11. Mwaka 2026 uliangukia Februari katikati, 2027 ni wiki ya pili ya Februari, 2028 utakuwa mwishoni mwa Januari, yaani kale kanafasi kanazidi kubana na huko mbele itabidi watu wasubiri mpaka Idi ipite. Shikeni kalenda mapema.

Na mtu asije akaniambia Januari watu hawana hela. Najua! Ndo maana nasema bonasi itoke Desemba, sherehe ifanyike Januari. Msichanganye. Mzazi anayewaza sare na madaftari ukimkalisha kwenye kiti chenye kitambaa cheupe umlishe kuku wakati hela yake hamjampa atakula lakini moyoni anawapigia hesabu hiyo kuku ni daftari ngapi. Na mkumbushane kabisa kwamba bonasi inayopita kwenye mshahara inakatwa PAYE, ile kodi ya mshahara, kama mshahara mwingine, maana bosi akishatangaza mbele za watu kila mtu laki mbili afu kwenye slipu ikasoma pungufu, watu hawatailaumu TRA, watasema mhasibu amekula.

Sasa tuzo.

Cha kwanza vigezo vitangazwe mwanzoni mwa mwaka, sio mwishoni. Mwanzoni. Bandika ghalani, bandika ofisini, kwa Kiswahili, maneno machache. Dereva bora tunaangalia hivi na hivi, ajali, mafuta, kufika kwa wakati. Mtu wa ghala tunaangalia upotevu na malalamiko ya mteja. Ukisubiri Desemba ndo utunge vigezo kila mtu atajua umevishona vimtoshe mtu wako. Kuna kampuni moja naijua, siitaji, kigezo cha mwisho mwisho kikawa "ushirikiano mzuri na uongozi", haa, mshindi akawa kijana anayekaa meza ya mbele ya ofisi ya meneja. Makofi yalipigwa yale ya msibani. Watu wa ghala walikaa kimya tu wakawa wanaangaliana, na msimu uliofuata ukimwambia mtu baki kidogo tumalize lori hili anakujibu kamwite mfanyakazi bora.

Kura nazo watu wanazipenda sana, wanaona ndo haki, tunaweka fomu kwenye grupu la WhatsApp kila mtu apige. Mi sizipendi zikiwa peke yake. Kwanza sio kila mtu ana simu janja, walinzi wetu wengine wana vitochi, wabanguaji hata kwenye grupu hawamo. Pili kura inamchagua mcheshi. Yule anayekopesha watu vocha, anayefanya watu wacheke chai ya saa nne, ndo anashinda, na ni mtu mzuri tu lakini kazi? Tunachofanya sisi, kila kitengo kinaleta majina mawili na sababu zake, sababu lazima iwe kitu kilichotokea sio sifa, usiniandikie "mchapakazi na mwaminifu", niandikie alifanya nini. Afu watu wa vitengo vingine wanakaa kuchagua, na meneja anakuwa na sauti moja kama wengine. Hapo kwenye meneja kuna vita, sidanganyi, ila simamieni.

Mwaka mmoja kwa njia hiyo akatoka mama wa kupima unyevu. Kwa msiojua, korosho ikiingia inachukuliwa sampuli inapimwa unyevu, ikipita mbichi ikakaa kwenye kontena wiki na wiki baharini inaota ukungu na mteja anakataa mzigo. Huyu mama alikuwa anarudisha lori. Madereva walimchukia, mawakala walimchukia, kuna siku alipigiwa simu na mtu mkubwa akajibu shikamoo, kipimo hiki hapa, njoo upime mwenyewe. Na yeye hana maneno, kwenye kura ya WhatsApp asingepata hata kura tano. Lakini kitengo cha usafirishaji, wale wale waliokuwa wanamlalamikia, ndo waliandika jina lake kwamba mwaka ule hatukurudishiwa mzigo. Alivyoitwa ukumbi ulisimama, vigelegele mpaka MC akakaa chini kusubiri.

Kama bajeti ndogo na mnaogopa ugomvi anzeni na tuzo ya utumishi wa muda mrefu, miaka 10, miaka 15, hiyo haibishaniwi na mtu maana tarehe ya kuajiriwa ipo kwenye faili. Na msizidishe idadi. Nimeona sherehe zina tuzo ishirini na kitu, mpaka ya aliyependeza zaidi, ikifika ya saba watu wapo kwenye simu zao. Nne au tano zinatosha. Na msimpe huyo huyo mliyempeleka Mei Mosi kama mfanyakazi bora wa kampuni, labda awe na sababu ya kutisha.

Zawadi yenyewe sasa. Haya makombe ya plastiki yaliyopakwa rangi ya dhahabu jamani. Yanaagizwa Kariakoo, yanakuja na basi usiku kucha, yanafika moja limevunjika mkono. Uliza watu wanataka nini. Mzee wetu mmoja wa ghalani nilimuuliza nikiwa naandaa orodha, mzee mwaka huu tuweke nini kwa washindi, akaniambia, "Mwanangu, hizo kofia na fulana zenye nembo wapeni watoto, mie nina nyumba haina kichwa." Ndo tukaingia kwenye mabati. Tangu hapo mshindi anapewa karatasi ya duka la vifaa vya ujenzi, anaenda kuchukua bati au saruji anavyotaka, saruji tena huku tunatengenezewa hapa hapa mkoani, na duka linampelekea mpaka kiwanja chake. Mtu anajenga polepole miaka, bandali la bati linamsogeza kuliko kombe, na kila akiangalia juu anaiona kampuni. Cheti kiwepo pia, kiwekwe kwenye fremu ya kioo, jina liandikwe sawa, tafadhali hakikini majina, Hamisi na Khamis ni watu wawili na kila mmoja ana cheti chake cha kuzaliwa.

Kama mnalazimika kuagiza kitu Dar basi kiagizwe mapema. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata ile barabara ya Dar upande wa Somanga tulijifunza wote kwamba Mtwara inaweza kugeuka kisiwa.

Vibarua. Hii inanikera. Kampuni ina waajiriwa arobaini na vibarua mia wa msimu, wengi wao akina mama wa kubangua na vijana wa kubeba, halafu pati ni ya "wafanyakazi" tu na geti la ukumbi ni lile lile wanalopita asubuhi. Sielewi unawezaje kula pilau mwenzako anachungulia. Bajeti ikigoma, fanyeni chakula cha mchana cha watu wote ghalani siku ya kazi, sufuria kubwa, soda, muziki, masaa mawili, na usiku ule wa kumbi wenye tai ufutwe kabisa. Mi ningechagua hivyo hata hela zikiwepo, ila wakubwa wanapenda kitambaa cheupe. Angalau kila kundi la vibarua litoe mwakilishi na tuzo moja iwe yao.

Chakula nitasema kidogo. Mchinjaji awe Muislamu, hili halina mjadala, na watu walijue mapema sio wafike waanze kunong'onezana. Bia zikiwepo zikae kaunta yake pembeni, anayetaka anaenda, msizipange meza za mbele na msitumie glasi hizo hizo za juisi. Ratiba iache nafasi ya magharibi, na MC aitangaze kabisa, tunapumzika wanaoswali waswali, sio watu watoroke mmoja mmoja afu jina la mtu liitwe yuko msikitini, limetokea hilo, mshindi aliitwa mara tatu. Na mpishi akiwaambia anaweza kuweka ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, na pweza mezani mkubalieni, wageni wa Dar wataacha kuku waende huko.

MC wa harusi muulizeni kwanza utani wake. Wengi wamezoea kutania wadada ambao hawajaolewa, na maumbile ya watu, kwenye harusi ya shangazi yako sawa, kazini binti anacheka usoni na Jumatatu haongei na mtu. Hotuba ya bosi dakika kumi, mtu akae karibu na mwenye maiki. Mwaka juzi kwetu badala ya kumwachia DJ usiku wote tulileta kikundi cha sindimba, ngoma ya Wamakonde, mkurugenzi alivua koti lake mwenyewe bila kuombwa, video ipo, sitairusha.

Jenereta likodishwe na mafuta yake yanunuliwe siku hiyo asubuhi, msiamini mtu anayesema lina mafuta. Bajaji za kurudisha watu ziandikwe na zilipwe kabla, hasa wanaokaa Mikindani na Naliendele maana saa sita usiku ukimwachia mtu ajitegemee bei anayotajiwa inamaliza raha yote. Walinzi walio zamu wapelekewe chakula kabla ukumbi haujaanza kula, kabla, kikiwa cha moto, sio yale mabaki ya kwenye foili saa saba usiku.

Sisi mwaka huu bado tunabishana siku, wahasibu wanataka Jumamosi, ghalani wanataka Ijumaa jioni ili Jumamosi walale, na mpishi niliyempenda amesema Ijumaa hana nafasi. Nampigia tena kesho.