Kalsiamu, misuli na sangara aliyekakamaa

Dokta, nikitoka ziwani alfajiri nabanwa na misuli ya mguu. Jirani anasema sina kalsiamu, ninunue vidonge. (Mvuvi, Igombe)

Jirani yako ana haraka. Usiku kucha umevuta nyavu, maji ya kunywa umegusa kidogo. Mara nyingi huo ni uchovu tu. Nyoosha mguu, vuta vidole kuelekea gotini, kunywa maji. Damu haiishiwi kalsiamu kirahisi: asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo kwenye mifupa na meno, na kuna vitezi vinne shingoni, vidogo kama punje za mchele, vinavyoamuru mifupa itoe kalsiamu pale damu inapopungukiwa. Ukiona ganzi mdomoni na vidole vya mikono vinajikunja vyenyewe, hapo nenda ukapimwe damu.

Kwa nini sangara akifa anakakamaa, halafu baadaye analegea? (Mchuuzi, Kirumba Mwaloni)

Swali tamu hili. Amri ya ubongo ikifika kwenye msuli, kalsiamu humwagika kutoka kwenye vijifuko vilivyomo ndani ya seli. Inashika protini iitwayo troponini, kizuizi kinasogea, nyuzi zinashikana na kuvutana: msuli umekaza. Ili ulegee, pampu lazima zirudishe kalsiamu vijifukoni, na pampu hizo zinakula nishati. Wengi hudhani kukaza tu ndiko kunakochosha. Kulegea nako kuna gharama yake. Sangara akifa nishati inakwisha, kalsiamu inavuja, nyuzi zinang'ang'aniana na hakuna cha kuziachanisha. Saa zikipita, vimeng'enya vinaanza kuzikatakata, ndipo analegea. Mimi sangara mlegevu nampita, labda nimwone akitolewa majini.

Mwanangu ana miaka 9, anacheza mpira. Dagaa wanatosha au nimnunulie maziwa? (Mama, Nyamagana)

Maziwa ni mazuri ukiyapata, ila dagaa analiwa na mifupa yake, na kalsiamu imo humo. Usimkate kichwa, mama. Zaidi ya hapo, mwache acheze: kila msuli unapokaza, kalsiamu ileile hupeleka taarifa kwenye kiini cha seli kwamba kuna kazi, na msuli unajijenga kulingana na kazi hiyo.

Baba ana miaka 74, mapaja yamekonda. Kalsiamu itayarudisha? (Sengerema)

Hapana. Hiyo ni ya mifupa yake. Mapaja yanataka protini ya kutosha na kazi: ainuke kitini bila kushika kitu, mara 10, asubuhi na jioni, nawe ukiwa karibu asije akaanguka.