Kuvunja kadi sio kuizima (mchezo wa kadi wa Yu-Gi-Oh!)

Kaka nimekupata, mwenzako hapo Mwanga, Kigoma katoa Monster Reborn, kadi ya kufufua monsta, wewe ukajibu na Mystical Space Typhoon, kadi ya kuvunja kadi nyingine, ukaivunja, yeye bado anataka kumfufua monsta wake mkaanza kubishana. Ukweli yeye ndo yuko sahihi. Typhoon inavunja tu, haifuti kilichoshaanzishwa, kwa hiyo Reborn inaenda makaburini (rundo la kadi zilizokwisha kutumika au kuvunjwa) ila kazi yake inafanyika kama kawaida.

Sasa hapa ndo wengi wanachanganya. Cheki kale kaalama chini ya jina la kadi, ukiona kama nane imelala, mfano Call of the Haunted, hiyo lazima iwe bado wazi mezani zamu yake ikifika, na kwa vile kadi iliyotoka mwisho ndo inaanza kufanya kazi, Typhoon yako inaiwahi na monsta hafufuki. Kadi za kuvalisha monsta (Equip) na za uwanja (Field) vilevile. Hizo ndo za kuvizia, Typhoon usiimalizie kwenye Reborn.

Kwenye mashindano muite refa hapohapo kabla hamjagusa kadi nyingine, zikishasogea kurudisha nyuma ni shughuli. Nyumbani pakueni kitabu cha sheria cha Konami, kampuni yenye mchezo huu, kipo bure kwenye tovuti yao.