Kaka yangu anaumwa akili: je, aache dawa atosheke na kisomo?

SWALI: Assalamu alaykum, Shekhe. Kaka yangu ana maradhi ya akili na anatumia vidonge vya hospitali. Mjomba wetu anataka aviache asomewe kisomo tu, na wageni wakija humfungia chumba cha uani. Nifanyeje? Na Ramadhani afunge?

JIBU: Wa alaykumus-salaam wa rahmatullah. Allah amshushie kaka yako shifaa na akulipe kwa subira yako.

Msomeeni Fatiha, Ayatul-Kursiy, Al-Falaq na An-Nas asubuhi na jioni, kwani kisomo ni tiba, lakini Mtume (s.a.w.) aliyetufundisha kisomo ndiye aliyetuamrisha pia, katika Hadithi ya Abu Daud na Tirmidhi, tujitibu, kwa kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Anayemwachisha mgonjwa vidonge bila ya ushauri wa daktari amemtia hatarini, maana dawa hizi zikikatwa ghafla ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Ama saumu, Qur'ani (2:184-185) imemruhusu mgonjwa kufungua. Daktari akiona dozi zaweza kuhamishiwa daku na futari bila madhara, afunge. Vinginevyo ale na alipe akipona, na ikiwa kupona hakutarajiwi, atolewe chakula cha maskini mmoja kwa kila siku. Zile siku ambazo akili imemtoka kabisa, kalamu imenyanyuliwa juu yake, yaani haandikiwi dhambi, kwa hiyo msimkaripie kwa swala zilizompita.

Hili la kumfungia ndilo lililoniuma zaidi. Amepokea Imamu Muslim, katika mkusanyo wake wa Hadithi, kutoka kwa Sahaba Anas kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa na kitu katika akili yake alimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa ana haja naye, naye akamjibu: "Ewe mama wa fulani, tazama njia yoyote uitakayo, nikutimizie haja yako," akasimama naye njiani mpaka haja yake ikaisha. Alimwita kwa jina la heshima, akamwachia yeye achague njia, wala hakuona haya kuonekana naye. Nanyi wageni wakija, kaka yako akipenda kukaa sebuleni akae, amiminiwe chai kama wenzake. Kelele zikimzidi, muulizeni anataka kupumzika wapi. Mjomba mwambieni haya kwa upole, kwani huenda hofu ya maneno ya watu ndiyo inayomsukuma.

Kaka yako akitaja kujidhuru, au akimtishia mtu, msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Wallahu aalam.